Majina Ndani ya Sanduku: Oklahoma, Bahati Nasibu na Mataifa ya Wenyeji

Tarehe 29 Julai 1901, katika mji mdogo wa El Reno, Oklahoma, masanduku mawili makubwa yaliwekwa mbele ya umati wa watu. Ndani yake mlikuwa na bahasha, na ndani ya kila bahasha mlikuwa na jina. Kwa zaidi ya wiki mbili watu wapatao 165,000 walikuwa wamepanga foleni na kujiandikisha, kila mmoja akitumaini kupata kipande kimoja kati ya vipande 13,000 vya ardhi, kila kipande ekari 160. Siku ilipowadia, wavulana walitia mikono masandukuni, wakatoa bahasha moja baada ya nyingine, na majina yakasomwa kwa sauti. Serikali ya Marekani ilikuwa ikichezesha bahati nasibu.

Miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka 1895, Bunge la nchi hiyo hiyo lilikuwa limepiga marufuku tiketi za bahati nasibu kuvushwa kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa kuchoshwa na kashfa za kampuni ya bahati nasibu ya Louisiana. Tiketi ya karatasi ilikuwa dhambi. Ardhi ilikuwa jambo lingine.

Jina la pili kutoka kwa upande wa wilaya ya Lawton lilikuwa la msichana aliyefanya kazi ya kuunganisha simu katika mji wa Wichita, Kansas. Aliitwa Mattie Beal. Habari zilipochapishwa magazetini kwamba binti asiye na mume amepata shamba linalopakana na mji mpya, barua za posa zilimmiminikia. Akauza sehemu ya shamba lake kwa viwanja, nyingine akaitoa kwa ajili ya kanisa na shule, na nyumba yake kubwa bado imesimama Lawton hadi leo. Hadithi yake husimuliwa kama hadithi ya bahati.

Lakini zawadi haina budi kutoka mahali. Ardhi ile ilikuwa ya Wakiowa, Wacomanche na Waapache, waliyohakikishiwa kwa mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867. Mkataba huo ulisema kuwa hakuna kipande kitakachoachiliwa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1892 wajumbe wa serikali walikuja na makubaliano mapya na orodha ya saini. Wenyeji wakalalamika kwamba wakalimani hawakuwaeleza yaliyomo na kwamba hesabu ya saini haikutimia. Chifu Lone Wolf wa Wakiowa akaenda mahakamani. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, bahasha zikatolewa masandukuni. Januari 1903 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa uamuzi: Bunge la Washington lina uwezo wa kuvunja mkataba wake na Wahindi, na si kazi ya mahakama kuuliza saini zilipatikanaje. Kila Mkiowa na kila Mcomanche akabaki na ekari zake 160 na mashamba machache ya malisho ya pamoja. Mengine yakawa ya waliobahatika.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kura ni kijiti cha kugawia mafungu, na kura ni karatasi ya kumchagua mbunge. Anayesema “tulipiga kura” hajakuambia bado kama aliamua kwa akili au alijiachia kwa nasibu. Historia ya Oklahoma imejificha katika mkunjo huo wa neno. Kura ya kwanza ilichukua ardhi. Miaka 103 baadaye ikaja kura ya pili, ya karatasi, iliyowauliza wananchi maswali mawili kwa siku moja: je, jimbo lianzishe bahati nasibu yake? Na je, lifunge mikataba na mataifa ya wenyeji kuhusu michezo ya kubahatisha?

Jimbo lililokataa

Jina Oklahoma limetokana na maneno mawili ya Kichoctaw, “okla”, watu, na “humma”, wekundu. Eneo hilo ndilo lililotengwa kuwa kituo cha mwisho cha mataifa yaliyofukuzwa mashariki. Sheria ya kuwahamisha ilitiwa saini na Rais Andrew Jackson tarehe 28 Mei 1830, na katika safari ya Wacherokee ya mwaka 1838 na 1839 inakadiriwa watu wapatao 4,000 walikufa njiani na kambini. Waliofika waliahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1889 ardhi ya katikati ikafunguliwa kwa mbio za farasi na mikokoteni, mwaka 1901 ikaja bahati nasibu, na tarehe 16 Novemba 1907 ukazaliwa mchanganyiko wa yote hayo, jimbo la 46 la Marekani.

Jimbo hilo lilizaliwa likiwa mlokole. Katiba yake ilipiga marufuku pombe tangu siku ya kwanza, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1959. Kamari ilikuwa haramu. Watu walisubiri hadi mwaka 1982 ndipo wakakubali kwa kura kubashiri mbio za farasi, na uwanja mkubwa wa Remington Park ukafunguliwa Oklahoma City mwaka 1988. Makanisa, hasa ya Kibaptisti, yalikuwa na sauti nzito, na wanasiasa waliisikiliza hiyo sauti kila Jumapili na kila msimu wa uchaguzi.

Kilichoulegeza mlango huo uliofungwa kilikuwa shule. Mwaka 1990, baada ya mvutano mkali, jimbo lilipitisha sheria ya mageuzi ya elimu iliyojulikana kwa namba yake, 1017. Iliongeza kodi ili kupunguza idadi ya wanafunzi darasani na kuinua mishahara ya walimu. Wapinzani wa kodi hawakusamehe. Mwaka 1992 walifanikiwa kuingiza kifungu katika katiba: tangu hapo kodi yoyote mpya lazima ipate robo tatu ya kura katika mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo, au la, iende kwa wananchi. Katika siasa za kawaida, kupata robo tatu ni kama kumkamua ng’ombe dume. Jimbo likabaki na sheria nzuri ya elimu na mkono uliofungwa kamba.

Serikali inapokosa njia ya kutoza, hutafuta njia ya kuombwa ichukue. Bahati nasibu ni kodi ambayo mlipaji hujipangia foleni mwenyewe. New Hampshire ilikuwa jimbo la kwanza kuirudisha, mwaka 1964, nayo ilisema ni kwa ajili ya shule. Majirani wa Oklahoma wakafuata mmoja mmoja: Colorado 1983, Missouri 1986, Kansas 1987, Texas 1992. Mwaka 1993 Georgia, chini ya Gavana Zell Miller, ilianza kulipia ada za vyuo kwa pesa za bahati nasibu, na kila gavana wa kusini akaanza kuota ndoto hiyo hiyo. Gavana David Walters wa Oklahoma aliipeleka kwa wananchi mwaka 1994. Wakaikataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 1998 yakaletwa mapendekezo ya kasino za watu binafsi. Hayo nayo yakaangushwa.

Kwa hiyo mtu aliyeangalia Oklahoma mwishoni mwa karne angesema hapa kamari haina kwao. Angekuwa amekosea, kwa sababu alikuwa akiangalia mlango wa mbele.

Ankara ya dola 147.95

Mlango wa nyuma ulifunguliwa mbali kabisa na Oklahoma, kaskazini mwa Minnesota, na aliyeufungua hakuwa mcheza kamari. Alikuwa mama wa Kichippewa aliyeishi na familia yake katika nyumba ya magurudumu ndani ya ardhi ya kabila. Mwaka 1972 kaunti ikampelekea ankara ya kodi ya nyumba hiyo. Pamoja na ya pili iliyofuata ilifika dola 147.95. Hakuwa na pesa hizo, akaenda kwa mawakili wa msaada wa kisheria. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1976 majaji wote kwa pamoja wakasema jimbo halina mamlaka ya kumtoza, maana Bunge la Washington halijawahi kuyapa majimbo uwezo wa kutawala maisha ya kawaida ya Wahindi katika ardhi yao.

Mawakili wa mataifa mengine walisoma uamuzi huo kwa makini. Kama jimbo haliwezi kutoza kodi, linaweza vipi kupanga saa za kucheza bingo? Mwaka 1979 Waseminole wa Florida walifungua ukumbi wa bingo wenye zawadi kubwa kuliko sheria ya jimbo ilivyoruhusu, wakaenda mahakamani, wakashinda. Tarehe 25 Februari 1987 ikafuata kesi ya California, iliyoletwa na Wacabazon, kundi dogo lenye watu wapatao 25 tu, pamoja na jirani zao Wamorongo. Majaji sita dhidi ya watatu walisema: California yenyewe inaendesha bahati nasibu na kuitangaza, hivyo haiwezi kudai kwamba kamari ni uovu inaoupinga. Jimbo linaloruhusu mchezo kwa masharti haliwezi kuwapangia wenyeji masharti hayo katika ardhi yao.

Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji tahadhari kidogo. Tukisikia “kabila” tunafikiria lugha, mila, utani na jina la ukoo. Kabila katika sheria ya Marekani ni serikali. Wacherokee wana katiba, mahakama, polisi, baraza la kutunga sheria na chifu mkuu anayechaguliwa kwa kura. Mikataba yao ilitiwa saini na Marekani kama nchi mbili zinavyotiliana saini. Kwa hiyo ugomvi wa bingo haukuwa wa mfanyabiashara na ofisa wa leseni. Ulikuwa wa serikali na serikali.

Bunge la Washington likajaribu kuuamua. Tarehe 17 Oktoba 1988 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya michezo ya kubahatisha ya Wahindi. Iligawa michezo katika madaraja matatu. La kwanza ni michezo ya jadi, isiyomhusu mtu wa nje. La pili ni bingo na jamaa zake, inayosimamiwa na kabila lenyewe chini ya jicho la tume ya taifa. La tatu ni kasino kamili, pamoja na mashine za sloti, na hilo haliruhusiwi mpaka kabila na jimbo wawe na mkataba. Sheria ikaongeza kwamba jimbo lisitumie mkataba huo kama kisingizio cha kutoza kodi.

Oklahoma haikuwa na haraka ya kusaini lolote. Basi mataifa yake yakaingia daraja la pili na kuligeuza kuwa ufundi. Wamuscogee waliendesha bingo kubwa Tulsa. Wachoctaw walifungua yao Durant, na Wacherokee wakafungua Roland, mpakani na Arkansas, mwaka 1990. Mabasi yalileta wachezaji kutoka Texas, ambako bingo yenye zawadi kubwa namna hiyo haikuruhusiwa. Kisha zikaja mashine.

Ukiitazama kwa haraka mashine ya daraja la pili, utasema ni ya sloti: ina taa, sauti na picha zinazozunguka. Lakini pembeni mwa kioo kuna kijikadi cha bingo, kidogo kama stempu, na hicho ndicho mchezo. Namba hutolewa kwingine, wachezaji lazima wawe zaidi ya mmoja wakishindana kwa mtandao, na mtu hushinda kwa kuwahi mstari kwenye kadi. Picha zinazozunguka ni mapambo ya matokeo yaliyokwisha kupatikana kwa bingo. Serikali kuu ilidai huo ni ujanja. Ilikamata mashine, ikafungua mashitaka, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliyosikiliza kesi kutoka Oklahoma ikasema hapana, hii ni bingo. Bingo iliyovaa suti, lakini bingo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba katika jimbo lililokataa bahati nasibu na kasino kwa kura, maelfu ya mashine yalikuwa tayari yanalia usiku kucha, na jimbo halikupata hata senti. Mwaka 2003 Wachickasaw walifungua WinStar huko Thackerville, kando ya barabara kuu ya kwenda Dallas, hatua chache kutoka Mto Red unaotenganisha Oklahoma na Texas. Leo ni moja ya kasino kubwa kuliko zote duniani.

Gavana wa kura elfu saba

Novemba 2002 seneta wa jimbo kutoka Shawnee, Brad Henry, aligombea ugavana kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mpinzani wake wa Republican, Steve Largent, alikuwa nyota mstaafu wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na wengi walimwona tayari ameshinda. Henry alibeba ahadi moja iliyoeleweka: bahati nasibu kwa ajili ya elimu. Siku hiyo hiyo wananchi walikuwa wakiamua kama wapige marufuku mapigano ya majogoo, jambo lililowatoa watu wa vijijini majumbani kwa hasira. Mgombea binafsi akala sehemu ya kura za Largent. Kati ya kura zaidi ya milioni moja, Henry alishinda kwa chini ya 7,000.

Alikuta hazina imepungukiwa vibaya. Muswada wake wa bahati nasibu ulikwama katika Baraza la Wawakilishi, ukarudishwa, hatimaye mwaka 2003 ukapita kwa sharti kwamba wananchi ndio watakaoamua. Uliwekwa katika karatasi ya kura kama Swali la Jimbo namba 705. Nyuma yake likafuata namba 706, lililotokana na mashaka ya watu: tunajuaje kwamba pesa zikiingia shuleni kwa dirisha hazitatolewa kwa mlango? Swali hilo liliingiza katika katiba mfuko maalumu wenye kufuli. Kila mwaka bodi ya jimbo ingekagua kama Bunge limepunguza bajeti ya elimu likijifichia kwenye pesa za bahati nasibu, na kama limefanya hivyo, lirudishe kabla ya kutumia senti nyingine.

Mwaka 2004 likaja namba 712, lililohusu mataifa ya wenyeji. Hili lilizaliwa kwa shida tatu zilizokutana. Wenye viwanja vya farasi walikuwa wanakufa kibiashara, maana mchezaji wa kubashiri alikwenda kwenye mashine. Mataifa yalikuwa na mashine, lakini yalichoka kuishi chini ya kivuli cha mashitaka, na benki hazipendi kukopesha jengo ambalo mitambo yake inaweza kukamatwa kesho. Jimbo lilikuwa na njaa. Bill Anoatubby, gavana wa Wachickasaw tangu mwaka 1987, alikuwa miongoni mwa viongozi waliolisukuma pendekezo hilo.

Mpango ulikuwa huu. Jimbo liliandika mkataba mmoja wa mfano, na taifa lolote lingeweza kuusaini kama ulivyo, bila majadiliano ya moja moja. Aliyesaini angeruhusiwa mashine za aina zilizotajwa na michezo ya karata ambayo nyumba haishindani na mchezaji. Viwanja vitatu vya farasi vingepata mashine chache: 650 Remington Park, na 250 kwa kila kimoja cha viwili vilivyobaki. Mtu mwingine yeyote asingepewa kitu. Na kwa kuwa sheria ya 1988 inakataza jimbo kuyatoza mataifa kodi, malipo yakapewa jina lingine, ada ya upekee: asilimia 4 ya mapato halisi ya dola milioni 10 za kwanza kwa mwaka, asilimia 5 ya milioni 10 zinazofuata, na asilimia 6 ya zinazozidi, pamoja na asilimia 10 ya karata.

Jina hilo halikuwa pambo. Kodi hulipwa na anayetawaliwa. Ada hulipwa na mnunuzi. Mataifa hayakuwa yakilipia ruhusa ya kucheza kwao. Yalikuwa yakinunua kwa jimbo ahadi kwamba halitamruhusu mshindani mwingine. Siku Oklahoma itakapovunja ahadi hiyo, sababu ya kulipa itakuwa imekwisha. Wapiga kura wengi hawakusoma hadi huko. Mawakili wa mataifa walisoma.

Jumanne ya maswali

Tarehe 2 Novemba 2004 watu wa Oklahoma walipewa karatasi ndefu. Kwanza walimchagua rais: George W. Bush alishinda katika kaunti zote 77, bila kuacha hata moja. Wakaulizwa kama ndoa iandikwe katika katiba kuwa ya mume na mke pekee, na takriban robo tatu wakakubali. Kisha watu hao hao, kwa kalamu hizo hizo, wakateremka kwenye karatasi na kukubali bahati nasibu kwa karibu theluthi mbili ya kura, na mikataba ya mataifa kwa karibu watu sita katika kila kumi.

Wachungaji walishangaa, lakini hapakuwa na muujiza. Mtu aliyekuwa akivuka mto kununua tiketi Texas alijua kuwa jirani yake anafanya hivyo pia. Kijana wake alikuwa akifanya kazi ya jikoni katika kasino ya Wachoctaw. Shule ya binti yake ilikuwa imepunguza walimu. Hakuona kwamba anahalalisha dhambi mpya. Aliona anairasimisha ya zamani na kuipeleka shuleni.

Katika kampeni, vinywa vilijaa namba 705. Bahati nasibu ndiyo iliyokuwa harusi, mikataba ilikuwa wapambe. Upande wa gavana ulisema bahati nasibu ingeiletea elimu dola milioni 150 hivi kwa mwaka.

Hesabu ilipofanywa

Tiketi za kwanza za kukwangua ziliuzwa tarehe 12 Oktoba 2005 katika vituo vya mafuta na maduka ya vyakula. Kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa hesabu. Faida ya elimu ikasimama karibu na dola milioni 70 kwa mwaka, chini ya nusu ya kilichotajwa kwenye kampeni. Sababu moja ilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ili kuwatuliza wenye mashaka, waandishi wake walilazimisha asilimia 35 ya mapato iende elimu. Ilionekana ni ulinzi, kumbe ilikuwa kitanzi: kilichobaki kwa zawadi kilikuwa kidogo, zawadi ndogo haziuzi tiketi, na asilimia 35 ya kidogo ni kidogo. Mwaka 2017 Bunge lililiondoa sharti hilo, zawadi zikapanda, na fungu la shule nalo likapanda. Mwaka huo huo bodi ya ukaguzi ilibaini kwamba lile jambo lililohofiwa na namba 706 lilikuwa limetokea, yaani pesa za bahati nasibu zilikuwa zimeziba pengo ambalo Bunge lenyewe lilikuwa limelichimba.

Wapambe, kwa upande wao, walikuwa wameoa. Mataifa zaidi ya 30 yalisaini mkataba wa mfano. Kasino ziliongezeka hadi zaidi ya 130. Ada ya upekee ilipita faida ya bahati nasibu kwa elimu, ikafika karibu dola milioni 148 katika mwaka wa fedha wa 2019, na ikavuka milioni 200 mwaka 2023, huku jumla tangu mwanzo ikizidi dola bilioni 2. Katika kila dola 100 za ada hiyo, 88 huenda kwenye mfuko wa mageuzi ya elimu, ule ule uliozaliwa na sheria namba 1017. Dola 250,000 kwa mwaka zilitengwa kusaidia waliotekwa na kamari. Ukiyalinganisha mafungu hayo mawili, unaona nani alikumbukwa mwisho.

Hata viwanja vya farasi vilivyookolewa kwa namba 712 vilibadili mikono. Will Rogers Downs ulikuwa wa Wacherokee, na miaka michache baadaye Remington Park wenyewe, fahari ya Oklahoma City, ukanunuliwa na kampuni ya Wachickasaw. Faida za mataifa zilijenga kliniki, barabara, nyumba za wazee na ufadhili wa masomo, na katika vijiji vingi mwajiri wa karibu zaidi, hata kwa asiye Mhindi anayetafuta ajira, yuko katika jengo lenye nembo ya taifa la wenyeji.

Shule hazikupona. Aprili 2018 walimu wa Oklahoma waligoma, wakajaza jengo la Bunge kwa siku tisa za masomo. Wilaya nyingi zilikuwa zimepunguza juma la shule kuwa siku nne kwa kukosa fedha. Siku chache kabla, chini ya tishio la mgomo huo, robo tatu ya kura, ile kamba ya mwaka 1992, ilikuwa imepatikana kwa mara ya kwanza, na kodi zikapanda. Katikati ya kelele hizo Bunge likapitisha pia ruhusa ya michezo ya ruleti na dadu katika kasino za mataifa, ili ada iongezeke kidogo. Jimbo lenye shida lilikuwa limezoea njia ya kwenda kwa jirani.

Neno “kiotomatiki”

Mikataba ya 2004 ilikuwa na tarehe ya mwisho, 1 Januari 2020, na kifungu kilichosema kwamba, masharti fulani yakitimia, itajihuisha yenyewe kwa miaka 15 mingine. Gavana Kevin Stitt, aliyeingia madarakani mwaka 2019, alisema mikataba inakufa siku hiyo na kwamba jimbo linastahili fungu kubwa zaidi. Stitt mwenyewe ni raia wa Taifa la Wacherokee. Mataifa yakajibu kwamba mkataba unajisomea wenyewe, na siku ya mwisho ya mwaka 2019 Wacherokee, Wachickasaw na Wachoctaw wakafungua kesi katika mahakama ya serikali kuu. Gavana akajaribu kuingia kwa ubavu, akasaini mikataba mipya na Wacomanche na Waotoe-Missouria. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta, ikisema ameruhusu michezo ambayo sheria ya jimbo haijairuhusu.

Tarehe 28 Julai 2020 Jaji Timothy DeGiusti alitoa uamuzi wake: mikataba ilijihuisha tarehe 1 Januari, kama ilivyoandikwa. Hakutafuta maana ya mbali. Alisoma kifungu. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu ilimwambia Lone Wolf kwamba hata mkataba uliosainiwa na nchi mbili unaweza kuvunjwa na mwenye nguvu. Safari hii waliolindwa na karatasi ni wajukuu wa waliopokonywa kwa karatasi, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba sasa walikuwa na mawakili wao mezani wakati maneno yanaandikwa.

Lawton bado ipo. Mitaa yake imepita juu ya viwanja vilivyogawiwa kwa bahasha, na kituo cha mafuta kinauza tiketi za kukwangua zenye nembo ya jimbo. Ndani ya mji huo huo inang’aa kasino ya Wacomanche, na kusini yake, huko Devol karibu na Mto Red, iko ya Wakiowa, wanaowasubiri wageni kutoka Texas. Mtu anaweza kununua tiketi asubuhi na kubonyeza mashine usiku, na kote kuwili shule ya jimbo itapata fungu lake. Fungu la asubuhi jimbo hujilipa lenyewe. La usiku hulipokea kutoka kwa watu ambao mwaka 1901 ardhi yao ndiyo iliyokuwa zawadi.